Hedifoni Zinasumbua Kwenye Kompyuta: Soma Dalili Kwanza, Ndipo Uchague Amplifaya

Amplifaya ya hedifoni hutibu matatizo machache, na hayo huyatibu vizuri: sauti isiyofika juu, sauti inayopasuka ukiongeza, na mlingano wa besi na sauti za juu unaoharibiwa na tundu la kompyuta. Ikiwa ndani yake kuna na DAC (kigeuzi cha dijitali kuwa sauti), huondoa pia kelele nyingi zinazotoka kwenye kompyuta yenyewe. Matatizo mengine yote yanayolalamikiwa chanzo chake kiko kwingine, na hayaondoki hata ukinunua kifaa cha bei gani. Kwa hiyo tuanze na unachosikia.

Tuelewane kwanza kuhusu vifaa. DAC hugeuza data za dijitali kuwa umeme wa sauti. Amplifaya huupa umeme huo nguvu ya kusukuma hedifoni. Kompyuta yoyote yenye tundu la hedifoni tayari inavyo vyote viwili ndani. Boksi dogo la nje linalochomekwa kwenye USB mara nyingi huwa na vyote viwili pia, na kwa msikilizaji wa kompyuta hilo ndilo ninalopendekeza karibu kila mara.

Kama hedifoni zako ni za Bluetooth, amplifaya yake imo ndani na huwezi kuibadilisha kutoka nje. Zikianza kusikika kama simu ya zamani mara tu mkutano unapoanza, kompyuta imehamia kwenye hali ya simu kwa sababu programu imefungua maikrofoni ya hedifoni hizo. Chagua maikrofoni ya kompyuta na sauti itarudi. Yanayofuata yanahusu hedifoni za waya.

Sauti ni ndogo hata ukifungua mpaka mwisho

Kagua kompyuta kabla ya kulaumu tundu. Kwenye Windows sauti inaweza kubanwa mahali kadhaa: sauti kuu, sauti ya kila programu kwenye kichanganyaji, na kitelezi kilicho ndani ya programu yenyewe au kwenye ukurasa wa kivinjari. Pana mahali pengine wengi hawapajui. Katika mipangilio ya zamani ya sauti, kwenye kichupo cha mawasiliano, Windows huja ikiwa imewekwa kupunguza sauti nyingine kwa asilimia 80 inapotambua kuna simu. Programu ya mikutano ambayo bado inashikilia maikrofoni inaweza kuufanya muziki wako unong'one. Programu nyingi za muziki nazo hushusha nyimbo zilizorekodiwa kwa sauti kubwa ili zilingane na nyingine. Zima usawazishaji huo kwa muda usikie tofauti.

Kila kitu kikiwa juu na rekodi tulivu bado hazikutoshi, hapo ndipo tunafika kwenye umeme. Wengi hutazama namba moja tu, ukinzani, ile inayoandikwa kwa omu, wakaamua kwamba omu nyingi zinadai amplifaya kubwa. Namba hiyo peke yake inapotosha. Inayokwenda nayo ni usikivu: desibeli ngapi hedifoni hutoa zikipewa miliwati 1, au volti 1, kutegemea kiwanda kinavyoandika.

Hesabu yenyewe ni fupi. Mimi hulenga vilele vya desibeli 110, kwa sababu muziki unaosikilizwa kwa wastani wa 85 hivi unaweza kuwa na vilele vinavyozidi wastani huo kwa 20 na zaidi. Anza na usikivu wa miliwati 1: kila desibeli 10 za ziada juu yake zinadai nguvu mara 10, na kila 3 zinadai mara 2 hivi. Ukishapata nguvu kwa wati, zidisha kwa omu, tafuta kipeuo cha pili, na hizo ndizo volti unazohitaji.

Chukua ATH-M50x ya Audio-Technica: omu 38, desibeli 99 kwa miliwati 1. Kufika 110 inahitaji miliwati 13 hivi, yaani volti 0.7. Tundu la laptopu ya kawaida linaziweza. Sasa chukua DT 880 ya Beyerdynamic, ile ya omu 600, desibeli 96 kwa miliwati 1: miliwati 25, lakini volti karibu 3.9. Laptopu nyingi hutoa volti 1 hivi, kwa hiyo hapa zinashindwa. Kisha tazama HE-6 ya HIFIMAN: omu 50 tu, namba inayoonekana rahisi, ila usikivu wake ni desibeli 83.5. Inadai karibu miliwati 450, volti 4.7, na mkondo wa miliampea 95. Aliyetazama omu pekee angedhani DT 880 ndiyo mzigo mzito, kumbe HE-6 inadai nguvu mara 18 zaidi. Aina hiyo, zenye utando (ngozi nyembamba inayotetemeka na kutoa sauti) ulio bapa na usikivu mdogo, ndizo zinazohitaji amplifaya ya mezani inayochomekwa kwenye umeme wa ukutani.

Fanya hesabu hii kwa hedifoni zako kabla ya kufungua mkoba, kwa sababu jibu mara nyingine ni kwamba huhitaji kitu. MacBook Pro za inchi 14 na 16 tangu 2021 hupima hedifoni zilizochomekwa, zikatoa hadi volti 3 kwa zenye omu 150 mpaka 1000, na volti 1.25 kwa zilizo chini ya hapo. HD 650 ya Sennheiser, omu 300, hutoa desibeli 103 kwa volti 1. Kwenye tundu hilo inavuka 112. Mwenye mashine hiyo na hedifoni hizo tayari ana amplifaya inayomtosha. Adapta ndogo ya Apple ya USB-C hutoa volti 1 hivi kwa toleo la Marekani na nusu yake kwa toleo la Ulaya, tofauti ambayo inamkwamisha mtu mwenye hedifoni nzito bila kujua kwa nini.

Na kama hesabu inaonyesha una nguvu ya kutosha lakini bado unataka zaidi, tafadhali simama hapo. NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia afya kazini, inaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila 3 zinazoongezeka muda huo unakatwa nusu. Kwenye 94 umebaki na saa 1. Amplifaya yenye nguvu hukufikisha huko bila sauti kupasuka, na kupasuka ndiko ambako kungekuonya. Masikio yakipotea hayanunuliki.

Sauti inatosha, lakini inapasuka

Jiulize kwanza kama umeongeza besi kwenye ikwalaiza, ile sehemu ya programu ya kupandisha na kushusha besi na sauti za juu. Ukipandisha sehemu yoyote kwa desibeli 6 bila kushusha sauti ya jumla ya ikwalaiza kwa 6, wimbo uliorekodiwa karibu na kikomo utavuka kikomo cha dijitali na vilele vyake vitakatwa ndani ya programu, kabla umeme haujafika popote. Amplifaya haiwezi kurudisha kilichokatwa. Zima ikwalaiza, zima na viboreshaji vya sauti vilivyokuja na kompyuta, usikilize tena.

Kupasuka kukibaki, angalia kunatokea lini. Kama ni kwenye midundo ya besi tu, na ni sauti ikiwa juu tu, tundu huenda limeishiwa mkondo au volti, na hapo amplifaya ni dawa. Thibitisha kwa kuchomeka hedifoni nyepesi mahali pale pale: zikilia safi kwa sauti ile ile, tundu linazidiwa na zile nzito. Kama kupasuka kupo hata sauti ikiwa chini, na kwenye sikio moja, chunguza hedifoni zenyewe. Unywele mmoja ukiingia na kugusa utando hutoa mtetemo unaofanana kabisa na amplifaya mbovu. Fungua pedi, angalia chini ya mwanga.

Kuna kelele hata muziki ukisimama

Kelele za kompyuta zina tabia tofauti, na tabia hiyo ndiyo inayokuambia ununue nini.

Mlio unaobadilika ukisogeza kipanya, ukifungua ukurasa mzito au mchezo ukianza, unatoka ndani ya kompyuta. Kadi ya picha na saketi za umeme zinavuja kwenye njia ya sauti. Kwenye kompyuta ya mezani jaribu kwanza tundu la nyuma, kwa sababu lile la mbele huunganishwa kwa waya mrefu unaopita katikati ya kelele zote hizo. Lisiposaidia, tafuta DAC ya nje yenye amplifaya. Hapa nasisitiza: amplifaya tupu, isiyo na DAC, ikichomekwa kwenye tundu hilo hilo lenye kelele, itapokea kelele pamoja na muziki na kuvikuza vyote viwili. Huu ndio ununuzi wa makosa unaouma zaidi, maana mtu huishia kudhani amplifaya zote ni mbovu.

Mnguruma mzito usiobadilika, wa hertzi 50 au 60 pamoja na vigawe vyake, mara nyingi ni mzunguko wa ardhi: vifaa viwili vimeunganishwa na umeme wa ukutani kwa njia mbili na pia vimeunganishwa kwa waya wa sauti. Chomoa chaja ya laptopu, usikilize ikitumia betri. Mnguruma ukiisha, umejua chanzo. Tiba ni kuchomeka vifaa vyote kwenye ubao mmoja wa soketi, au kutumia waya wa optiki kutoka kwenye kompyuta hadi DAC ikiwa matundu yapo, kwa kuwa mwanga haubebi umeme wala ardhi. DAC inayokula umeme wa USB peke yake pia huvunja mzunguko huu mara nyingi. Usikate kamwe mguu wa ardhi wa plagi. Upo kulinda uhai wako.

Mlio mwembamba wa hertzi 1000 au 8000 unaosikika kwenye DAC ya USB ni wa USB yenyewe: data hutumwa kila milisekunde 1 au kila sehemu ya 8 yake, na mapigo hayo yanaingia kwenye umeme wa kifaa. Badilisha tundu la USB, ondoa kitovu cha USB kilicho katikati. Ukibaki, kifaa hicho hakichuji umeme wake vizuri, na bora kukirudisha.

Halafu kuna "ssss" laini, isiyobadilika hata ukichomoa kila kitu kwenye mlango wa amplifaya. Hiyo ni kelele ya amplifaya yenyewe, na huwasumbua zaidi wenye vipokea sauti vya kuingiza ndani ya sikio, vyenye usikivu mkubwa mno. Shusha swichi ya geini, yaani kiasi ambacho amplifaya hukuza sauti. Isipotosha, amplifaya hiyo ina nguvu kupita mahitaji yako. Kwa vipokea sauti vya namna hii adapta ndogo iliyo tulivu hushinda boksi kubwa la mezani.

Besi imevimba, au sauti za juu zimebadilika

Hedifoni zile zile zinasikika tofauti kwenye simu na kwenye kompyuta, ingawa sauti ni kubwa kote kuwili. Mtuhumiwa hapa ni ukinzani wa tundu lenyewe, yaani omu zilizo upande wa amplifaya.

Ukinzani wa hedifoni nyingi hupanda na kushuka kutegemea masafa. Tundu lenye omu nyingi hugawana volti na hedifoni, na mgawanyo huo hubadilika kila ukinzani unapobadilika. Tuseme una vipokea sauti vya ndani ya sikio ambavyo vina omu 10 mahali fulani na omu 60 mahali pengine. Kwenye tundu la omu 30, sehemu moja itazidi nyingine kwa desibeli 8.5 kuliko ilivyokusudiwa. Kwenye tundu la omu 1 tofauti hiyo ni 0.7 tu. Desibeli 8.5 si jambo la wenye masikio makali. Kila mtu atasikia.

Kanuni inayotumika ni ya moja ya nane: ukinzani wa tundu usizidi sehemu ya nane ya ukinzani wa hedifoni. Kwa omu 32, tundu lisizidi omu 4. Kwa omu 16, lisizidi 2. Amplifaya nyingi za kisasa za transista ziko chini ya omu 1 na hapo suala limekwisha. Amplifaya za valvu (mirija ya kioo ya kizamani) zisizo na transfoma ya kutolea sauti ndizo zinazokuwa na makumi ya omu, na hizo ziwekee HD 650 na wenzake wa omu 300 na 600. Kuna wanaopenda besi inayovimba kidogo wanapoziunganisha hivyo, na sioni ubaya, mradi wajue inatoka wapi. Hedifoni za utando bapa ukinzani wake haubadiliki sana, kwa hiyo tatizo hili haziligusi.

Sikio moja linasikia zaidi

Angalia kitelezi cha mizani ya kushoto na kulia kwenye mipangilio. Husogea bila mtu kujua. Kisha geuza hedifoni kichwani, ya kushoto iwe kulia. Udhaifu ukibaki kwenye sikio lile lile, tatizo ni sikio, pengine nta tu. Ukihama na hedifoni, zichomeke kwenye simu: ukiendelea, ni hedifoni au waya wake, ukitoweka, ni kompyuta au amplifaya.

Kama udhaifu upo tu kizungushio cha amplifaya kikiwa mwanzoni kabisa na unaisha ukiongeza, hiyo ndiyo hulka ya vizungushio vya analogi: pande zake mbili hazilingani vizuri kwenye sauti ya chini. Tumia geini ya chini, au shusha sauti kwenye kompyuta ili kizungushio kisogee mbele. Ukiwa bado unachagua, tafuta amplifaya yenye geini ya chini kabisa, hasa kama unasikiliza usiku kwa sauti ndogo. Mimi naiweka swichi hiyo juu ya wati nyingi katika orodha ya mahitaji.

Mwimbaji ametoweka, ala zimebaki

Plagi haijaingia mpaka mwisho, au waya wa ardhi umekatika ndani. Ardhi ikikosekana unachosikia ni tofauti kati ya kushoto na kulia, na mwimbaji, aliyewekwa katikati, hufutika. Sukuma plagi, badilisha waya.

Sauti inakatika, inadondoka, au sekunde ya kwanza haisikiki

Hakuna hata moja kati ya hizi inayoponywa na amplifaya. Sekunde ya kwanza inayopotea ni kifaa kilicholala ili kuokoa umeme. Zima usitishaji wa USB kwenye mipangilio ya nishati ya Windows. Vikwaruzo vifupi wakati kompyuta ina kazi nyingi hutokana na draiva (programu inayoendesha kifaa fulani cha kompyuta) inayochelewesha nyingine, mara nyingi ya Wi-Fi au kadi ya picha. Kwenye Windows programu ya LatencyMon itakutajia jina lake. Sasisha draiva hiyo, ongeza bafa (akiba ya sauti inayoandaliwa mapema) kwenye programu ya kuchezea muziki, chomeka DAC moja kwa moja kwenye kompyuta.

Kompyuta isipoiona DAC kabisa, jaribu waya mwingine kwanza, kwa kuwa nyaya nyingine zimetengenezwa kwa kuchaji tu. Windows ilianza kuzitambua DAC za kizazi cha pili cha sauti ya USB bila draiva ya kiwanda kuanzia Windows 10 toleo 1703, la 2017. Kabla ya hapo sharti usakinishe.

Ukishajua unahitaji

Linganisha hesabu yako ya juu na nguvu inayotangazwa kwa omu za hedifoni zako. Wati zilizoandikwa kwa omu 32 hazikuambii kitu kuhusu omu 300, kwa sababu kwenye 300 kinachopungua kwanza ni volti. Usiogope kinachokula umeme wa USB: tundu la USB 2.0 hutoa volti 5 na miliampea 500, yaani wati 2.5, na hedifoni nyingi huhitaji sehemu ndogo sana ya hizo.

Tundu la mizani (balanced), ambalo kila sikio lina upande hasi wake, la milimita 4.4 au la XLR ya pini 4, kwenye amplifaya nyingi hutoa volti mara 2 ya lile la kawaida. Ni msaada kwa hedifoni nzito na hauongezi lolote kwa nyepesi. Usitumie adapta ya kuchomeka hedifoni za plagi ya kawaida kwenye tundu la mizani: inaunganisha pande hasi mbili na inaweza kuiunguza amplifaya. Hedifoni za umeme tuli kama za Stax zinataka kifaa chake maalumu chenye volti mia kadhaa. Hazichomekwi kwenye chochote kilichotajwa hapa.

Umeshanunua, na husikii tofauti

Linganisha kwa haki. Sauti iliyo kubwa kidogo tu huonekana bora, hivyo sawazisha kwanza: cheza toni ya hertzi 60, pima volti za AC kwenye tundu kwa multimita hedifoni zikiwa zimechomekwa, na zilinganishe zikaribiane kwa asilimia 1. Kama ya zamani ni volti 0.500, mpya iwe kati ya 0.495 na 0.505. Kisha mtu mwingine akubadilishie bila kukuambia ipi ni ipi. Ukishindwa kuzitofautisha, tundu lako la zamani lilikuwa na volti za kutosha, omu chache na utulivu, na hakukuwa na cha kurekebisha. Rudisha kifaa muda wa kurudisha ukiwa bado haujaisha, na ukague pedi za hedifoni zako. Pedi zilizobonyea na kupasuka huvujisha besi, na kuzibadilisha kunasikika siku hiyo hiyo.